Kobalti na shaba mlango mmoja: namna ya kupima metali zinavyozuiana kuingia kwa lava wa mtoni

Nimezaliwa Kilembe, magharibi mwa Uganda, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Kiswahili ninachoandikia hapa ndicho tulichozungumza uani, maana jirani mmoja alikuwa Mkonzo, wa pili Mkiga, na wa tatu alitoka ng'ambo ya mpaka, Kongo. Mgodi wa shaba ulianza kuzalisha mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese, na ukasimama mwaka 1982. Watu waliondoka, taka zikabaki bondeni: vilima vya mchanga, vingine vya kijivu, vingine vya rangi ya kutu. Mto Nyamwamba unapita kando yake, unashuka Kasese mjini, unaingia mbugani Queen Elizabeth, unaishia Ziwa George. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliumega ukingo na kuzoa kila kilichokuwa njiani.

Leo ni fundi wa maabara, na kila kiangazi nawapeleka vijana mtoni kuokota lava, yaani wadudu wachanga, chini ya mawe. Mwaka mmoja binti mmoja aliniuliza: "Mama, kama lava hawa wana kobalti kidogo mwilini, si ndiyo kusema maji yana kobalti kidogo?" Nilimjibu hapana, na nilipotaka kumweleza kwa nini, niliona maneno hayatoshi. Tukafanya jaribio. Mwongozo huu ni jaribio lile, na makosa niliyoyafanya nimeyaweka humu ili wewe usiyarudie.

Kwanza elewa mlango

Lava wa majini ana tatizo ambalo mdudu wa nchi kavu hana. Mwili wake una chumvi nyingi kuliko maji anamoishi, kwa hiyo chumvi inamtoka kila saa na lazima aivute tena kutoka majini. Anaivuta kwa matamvua na kwa sehemu nyingine laini za mwili, kupitia vijilango vidogo mno. Vipo vya sodiamu, vipo vya kalisi, vipo vya chuma na manganizi. Vijilango hivi havina macho. Hupitisha ioni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, yenye ukubwa na chaji inayofanana na ile vilivyoumbiwa. Ndiyo maana kadmiamu huingia kwa mlango wa kalisi: imeonekana kwa lava wekundu wa matope, jamii ya Chironomus, kwamba ukiziba mlango wa kalisi, kadmiamu inayoingia hupungua. Shaba nayo hupita kwa sehemu fulani kwenye njia za sodiamu. Kobalti inajulikana kuziba milango ya kalisi, na kwa wanyama wengi kuna mlango mwingine unaopitisha chuma, manganizi, kobalti na kadmiamu bila kubagua sana.

Sasa piga picha ya metali mbili zimefika pamoja mlangoni. Moja ikikaa, nyingine inangoja. Maji yanaweza kuwa na kobalti nyingi na lava akawa na kobalti kidogo, kwa sababu shaba imetangulia kushika nafasi.

Wa tatu katika foleni hiyo ni haidrojeni, yaani ule uchachu wa maji. Taka zenye pairaiti (madini ya chuma na salfa) zikikutana na hewa na mvua hutoa asidi, na asidi hufanya mambo mawili yanayopingana: huyeyusha metali zaidi majini, na wakati huohuo ioni za haidrojeni hugombania milango ileile. Kwa lava wa Chaoborus, wale wanaoonekana kama kioo, watafiti hawakuweza kukisia vizuri kadmiamu ya mwilini kutokana na ya ziwani mpaka walipoingiza ushindani wa haidrojeni katika hesabu. Mtu anayepima metali peke yake bila kupima pH, kipimo cha uchachu huo, amepima nusu ya jambo, na nusu ile haimsaidii.

Chagua lava, na uchague metali ya kufuata

Mimi natumia Hydropsychidae, wafuma wavu. Sababu ni tatu: ni wakubwa, ni wavumilivu wa metali kuliko Baetidae, jamii nyingine ya wadudu wa mtoni, ambao shaba kidogo tu huwamaliza, na wanapatikana mwaka mzima. Utawajua ukimgeuza mmoja chini ya lenzi ya mkono. Mgongoni, vipande vyote vitatu vya kifua vina ngao ngumu ya kahawia. Tumboni amejaa vishada vya matamvua meupe, kama manyoya yaliyoloa. Nyuma ana miguu miwili ya kulabu, na juu ya kila kulabu kuna brashi ya nywele. Ukimgusa anajikunja kama ndoano. Katikati ya mawe mawili, upande mkondo unakotokea, utakuta wavu wake: hariri yenye matundu yaliyonyooka kwa mistari, mdogo kuliko ukucha, umeshika vipande vya majani. Mara ya kwanza nilipouona nilikaa nao dakika kumi nikasahau kwamba maji yalikuwa yamenifika magotini.

Usiwachukue Nyamwamba chini ya mgodi. Lava aliyekulia kwenye metali ameshajizoeza: anaweza kuwa na protini nyingi za kushika metali mwilini, na milango yake haifanyi kazi kama ya mgeni. Sisi huwachukua mto Mubuku, ambao nao unashuka kutoka Rwenzori kwenda Ziwa George lakini haupiti kwenye taka za Kilembe. Mwone mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kabla ya kushuka mtoni. Ukitaka kuingia mbugani, unahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Nenda Januari, Februari, au Juni hadi Julai. Mvua zikishaanza mto haumtanii mtu.

Kuhusu metali: jaribio letu linafuata kobalti na kubadilisha shaba. Wengi hutaka kufanya kinyume, kwa sababu shaba ndiyo jina la Kilembe. Lakini shaba ni kirutubisho, na lava msafi tayari anayo ya kutosha mwilini. Ile mpya itakayoingia ndani ya siku nne itapotea ndani ya ile ya zamani. Maabara kubwa hutatua hili kwa isotopu, yaani atomi za metali ileile zenye uzito tofauti, kwa mfano shaba-65, ambayo ni chini ya theluthi ya shaba ya kawaida duniani. Sisi hatuna uwezo huo. Kobalti ya asili katika lava ni kidogo kuliko shaba, kwa hiyo kobalti mpya huonekana. Kadmiamu waachie wenye chumba chenye kuvuta hewa. Ni sumu na kwenye jaribio hili haina kazi.

Vyombo na maji

Tumia plastiki, si kioo. Metali hunata kwenye kioo. Loweka kila chombo usiku mzima katika asidi ya nitriki ya asilimia 10, kisha suuza mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa. Vaa glovu na miwani. Vibano viwe vya plastiki, na lava umbebe kwa brashi laini ya rangi.

Hapa ndipo nilipoharibu jaribio langu la kwanza. Kikundi changu kisichotiwa metali yoyote kilitoka na shaba nyingi mwilini kuliko lava wa mtoni. Wiki mbili nilitafuta kosa kwenye hesabu. Kosa lilikuwa kwenye pipa la maji yaliyotoneshwa: pipa lenyewe plastiki, lakini bomba lake dogo la kufungulia lilikuwa la madini yenye shaba ndani. Kila lita iliyopita pale ilichukua kidogo. Lava 140 wakapotea bure, na hao ni viumbe walioishi miezi chini ya jiwe kabla ya mimi kuwachukua. Tangu siku hiyo nachota kwa jagi la plastiki, na maji matupu napeleka kupimwa kabla sijamtia lava hata mmoja.

Maji ya jaribio usiyachote mtoni. Maji ya mtoni yana ule utomvu wa majani yaliyooza unaoyapa rangi ya chai, na utomvu huo hushika shaba na kuiondoa kwenye foleni ya mlangoni. Tengeneza maji laini mwenyewe. Katika kila lita 1 ya maji yaliyotoneshwa weka miligramu 48 za sodiamu baikaboneti, miligramu 30 za salfeti ya kalisi (jasi), miligramu 30 za salfeti ya magnesi na miligramu 2 za kloridi ya potasi. Pitisha hewa kwa pampu ya tangi la samaki usiku mzima. pH itatulia kati ya 7.2 na 7.6. Kalisi ibaki ileile katika vikundi vyote, kwa sababu nayo ni mshindani. Kwa samaki kalisi ni kinga kubwa dhidi ya kadmiamu na zinki; kwa wadudu nguvu ya kinga hiyo hutofautiana sana toka aina moja hadi nyingine, kwa hiyo usiazime hesabu ya samaki ukamvika lava.

Hesabu iwe kwa moli

Nalisisitiza hili kwa vijana mpaka wananichoka. Mlangoni hakuna mizani. Kinachohesabiwa ni idadi ya ioni, na moli ndiyo kipimo cha idadi hiyo. Mikrogramu 100 za kadmiamu na mikrogramu 100 za zinki si idadi sawa hata kidogo, maana ioni moja ya kadmiamu ina uzito wa 112 na ya zinki 65. Ukilinganisha kwa uzito utasema zinki imeshinda, kumbe zinki ilikuja na jeshi karibu mara mbili.

Kwa jaribio hili: yeyusha gramu 4.04 za kloridi ya kobalti (ile yenye molekuli 6 za maji) katika lita 1. Hapo una gramu 1 ya kobalti kwa lita. Yeyusha gramu 3.93 za salfeti ya shaba, zile fuwele za bluu, katika lita nyingine. Una gramu 1 ya shaba. Kutoka kila moja chukua mililita 10, ongeza maji mpaka lita 1. Haya ndiyo maji yako ya kazi, miligramu 10 kwa lita.

Vikundi ni sita. Cha kwanza maji matupu. Cha pili kobalti peke yake, mikromoli 0.5 kwa lita, ambayo ni mikrogramu 29.5: mililita 2.95 za maji ya kazi kwa kila lita. Cha tatu, cha nne na cha tano vina kobalti hiyohiyo pamoja na shaba mikromoli 0.1, 0.3 na 1, yaani mikrogramu 6.4, 19 na 64, au mililita 0.64, 1.9 na 6.4. Cha sita ni shaba peke yake, mikromoli 1, ili ujue kama shaba yenyewe inawadhuru. Bila kikundi hiki utaita ushindani kitu ambacho ni ugonjwa tu.

Siku nne zenyewe

Lava wakifika kutoka mtoni wape siku mbili katika maji safi yenye hewa, kwenye joto uliloliona mtoni siku ile ya kuwachukua. Siku hizo mbili zina kazi nyingine: matumbo yao yanajisafisha. Lava mwenye matope tumboni akipimwa, utapima matope. Chagua wa ukubwa mmoja. Waliojenga kibanda cha kugeuka kuwa pupa, na wale weupe laini waliojivua ngozi sasa hivi, waweke kando.

Kila kikundi kina vyombo vinne vya lita 1, na kila chombo lava sita. Wafuma wavu hung'atana, kwa hiyo tia vipande sita vya chandarua cha nailoni, kila mmoja apate pa kujishika. Mawe usitie, yananywa metali. Chakula usiwape pia. Najua hilo linauma kuliona, lakini chakula hushika metali na kufungua mlango wa pili, wa tumboni, ambao kwa wadudu wengi wa mtoni ndio mkubwa kuliko wa matamvua. Jaribio hili linapima mlango wa maji tu, na ukiandika matokeo sema hivyo waziwazi. Lava wengine 12 wagandishe siku ya kuanza, hao ndio hali ya mwanzo.

Badilisha maji kila baada ya saa 24, maana metali hupungua kwa kunata kwenye plastiki, nailoni na miili. Kabla na baada ya kubadilisha chukua mililita 20, chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45, tia tone la asidi ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2. Pima pH ya kila chombo kila siku. Andika waliokufa, uwaondoe. Na uangalie ngozi zilizovuliwa: utaiona ikielea kama kivuli cha lava, na matamvua yake yote yamo. Ngozi ile huondoka na metali iliyonata nje, kwa hiyo aliyejivua usimchanganye na wenzake. Mpime peke yake au umwache.

Baada ya saa 96 mchovye kila mmoja katika EDTA ya milimoli 1 kwa dakika 5, kisha maji safi mara mbili. EDTA hung'oa metali iliyokaa juu ya ngozi. Unayoitaka ni iliyoingia. Kutu ya chuma na manganizi nayo hujenga ganda la kahawia juu ya lava wa mto wenye taka, na ganda hilo limebeba metali zake. Kwa lava wa Nyamwamba wenyewe suuza haitoshi kila mara, mtazame kwa lenzi.

Kausha kwa nyuzi 60 kwa saa 48. Unganisha lava wote wa chombo kimoja wawe sampuli moja, pima uzito, kisha wayeyushe kwa asidi ya nitriki kali na haidrojeni peroksaidi. Peleka sampuli pamoja na chupa tupu zilizopitia hatua zote bila lava, na kipande cha rejea chenye kiwango kinachojulikana. Maabara ikikataa kupima sampuli tupu, tafuta nyingine. Moja ilinirudishia karatasi yenye tarakimu nzuri zilizonyooka, bila sampuli tupu hata moja, na sikuweza kutumia hata mstari mmoja.

Kusoma majibu

Toa hali ya mwanzo. Badili mikrogramu ziwe mikromoli. Kisha gawanya kwa kobalti iliyopimwa kweli majini, si ile uliyokusudia kutia.

Kobalti ya mwilini ikishuka hatua kwa hatua kadiri shaba inavyopanda, kuna kuzuiana. Lakini kuzuiana kuko kwa aina mbili. Kwanza ni kugombania nafasi: milango ni ileile, zamu tu ndiyo inagombewa. Pili ni kuharibu mlango: shaba imeudhuru, na idadi ya milango inayofanya kazi imepungua. Kuzitenga, rudia kikundi cha pili na cha nne kwa kobalti mara kumi zaidi. Ikiwa ni kugombania nafasi, wingi wa kobalti utaishinda shaba na tofauti na kobalti peke yake itakaribia kufutika. Ikiwa mlango umeharibika, pengo litabaki palepale hata umwage kobalti kiasi gani.

Kusiwe na tofauti, usiseme hazizuiani. Kwa viwango vidogo milango mingi iko wazi na kila metali inapita bila kumkuta mwenzake. Foleni hutokea milango inapokaribia kujaa. Sema tu kwamba kwa viwango hivi hazikuzuiana. Na kobalti ikipanda shaba inapopanda, tazama waliokufa na wanaosuasua, kwa sababu lava aliyedhoofika hushindwa kutoa metali nje, nayo hujazana.

Binti yule aliyeniuliza alipochora mstari wake, kobalti ikishuka huku shaba ikipanda, alinyamaza kidogo akasema: "Basi pale kwenye taka nyingi lava anaweza kutudanganya zaidi." Ndiyo. Kwa hiyo siku hizi tukienda Nyamwamba, kila sampuli ya lava ina chupa tatu pembeni yake: ya metali zote, ya kalisi na magnesi, na ya utomvu wa majani. pH inapimwa palepale ukingoni, si jioni nyumbani. Nguvu ya jua na kutikisika kwenye bodaboda huibadilisha.

Maji yaliyobaki ya jaribio ni kama lita 96, na sehemu kubwa yake ina kobalti au shaba. Usiyamwage kwenye sinki wala mferejini, kwa sababu mferejini ni Nyamwamba. Yakusanye kwenye jerikani, pandisha pH kwa chokaa mpaka ifike 9 au 10, acha usiku mzima metali ituame, mimina maji ya juu kwenye jerikani nyingine, na yale matope ya chini kausha, andika kilichomo, yapelekwe na taka za kemikali. Lava wa ziada ambao hawakuguswa na metali tunawarudisha Mubuku asubuhi, palepale tulipowachukua, na jiwe tunaligeuza upande lililokuwa limelalia.